Kazi ya kiangazi ku Kundelungu: nyumba ya magurudumu si haya, haya ni kazi bila jina



Kila mwaka mwezi wa tano ukifika, wakati mvua imekwisha kukatika na baridi inaanza kuingia usiku hapa Ruashi, kuko kijana mumoja ku kwetu anafunga mufuko wake. Ni mutoto wa yaya yangu. Anabeba bulangeti mbili, sufuria moja, unga ya bukari, samaki ya kukausha, na kisanduku chake cha funguo za mekaniki. Kiisha anapanda kamio pamoja na wenzake saba, wanakamata barabara ya Kasenga, wanaenda kwa milima ya Kundelungu. Tunamuona tena mwezi wa kumi ao mwezi wa kumi na moja, wakati mawingu yanarudi na njia za kule juu zinageuka matope.

Watu wa avenue yetu wanamucheka. Wanasema: "Huyu hana nyumba, analala mu motoka sawa mbuzi ya soko." Mama yake naye hafurahi. Anasema kazi yenye inakwisha kila mwaka si kazi, ni kubahatisha. Mimi pia, kwa miaka miwili ya kwanza, nilisema vile. Leo nimegeuza mawazo, lakini si kwa yote. Ndiyo sababu ninaandika.

Kwanza tuelewane juu ya fasi yenyewe. Parki ya Kundelungu ilianzishwa mwaka 1970, iko karibu kilometre 180 kutoka Lubumbashi. Juu kule, uwanda wa mulima unapita metre 1 600, majani ni marefu, upepo ni mwingi, na mwezi wa sita na wa saba baridi yake haina muchezo. Ni kule maji ya Lofoi yanaanguka kutoka urefu wa metre zaidi ya 300, mumoja wa maporomoko marefu sana ya Afrika. Parki ya jirani yake, Upemba, ni ya zamani zaidi: ilianza mwaka 1939, na kituo chake kikubwa ni Lusinga. Ni kule Upemba tu fasi punda milia wa pori wanaishi bado mu inchi yetu. Watoto wetu wengi wa Lubumbashi wanajua simba wa televizyo, lakini hawajui kama punda milia ni jirani yao.

Sasa, milima hii iko na kalenda yake. Wakati wa mvua, kamio haipandi: udongo unakuwa laini, madaraja madogo ya miti yanabebwa na maji, majani yanafunika njia. Kiangazi kikianza, kila kitu kinapaswa kufanywa haraka ndani ya miezi mitano ao sita. Kukata majani njiani. Kutengeneza madaraja. Kuunguza majani mapema, mwezi wa tano na wa sita, wakati yangali na ubichi kidogo, ili moto mukali wa mwezi wa tisa usikule pori muzima. Kuchimba mifereji ya maji kando ya njia. Kupeleka chakula na mafuta ku vituo vya walinzi. Na kama kuko wageni wenye wanakuja kuona Lofoi, kuwapikia na kuwatengenezea motoka zikikwama. Kazi hii yote haiwezi kufanywa na walinzi wa parki peke yao. Wao wako na kazi yao ya kulinda. Inaomba mikono mingine, na inaiomba kwa wakati mumoja.

Mikono hiyo italala wapi? Hapa ndipo watu wanakosea. Wanafikiri lazima kujenga kambi. Lakini kazi ya njia inatembea: leo muko hapa, juma lenye linakuja muko kilometre kumi mbele. Ukijenga nyumba ya matofali, kazi itaiacha nyuma. Tena parki si fasi ya kujaza nyumba. Kila nyumba inaita shamba, kila shamba linaita kijiji, na kiisha myaka kumi hakuna tena parki. Kwa hiyo nyumba yenye inafaa kwa kazi hii ni nyumba yenye iko na magurudumu. Inapanda mwezi wa tano, inashuka mwezi wa kumi, na nyuma yake hakubaki kitu, isipokuwa majivu ya moto.

Haya si mawazo ya ajabu. Kule Marekani, mu parki zao za milima, watu wengi wanafanya vile kila mwaka. Wako na motoka kubwa zenye ndani kuko kitanda, jiko, maji na choo. Kiangazi wanaenda kufanya kazi ndani ya parki: kupokea wageni, kusafisha kambi, kulinda mulango. Wengine hawalipwi franga, lakini wanapewa fasi ya kusimamisha motoka, pamoja na umeme, maji na bomba la kutoa uchafu. Wengi ni wazee wenye wamemaliza kazi yao ya ofisi. Baridi ikikaribia, wanawasha motoka, wanaenda upande wa jua.

Lakini tusidanganyane, kule pia haiko sukari tupu. Mwaka 2017 mwandishi mumoja mwanamuke, Jessica Bruder, alitoa kitabu chenye jina Nomadland, juu ya wazee wa Marekani wenye wanaishi mu motoka na kufuata kazi ya majira. Wengi wao hawakuchagua: walipoteza nyumba ao akiba yao kiisha mambo ya franga kuharibika mwaka 2008. Motoka yao si mapumziko, ni fasi ya mwisho. Basi kuko tofauti kubwa kati ya mutu mwenye anaishi ndani ya magurudumu juu amependa, na mwenye anaishi ndani yake juu hana kwengine. Tofauti hiyo haiko ndani ya motoka. Iko ndani ya kartasi: kontra, malipo, na nani anajibu siku unaanguka mugonjwa.

Sasa niwaambie habari ya mutoto wa yaya yangu.

Kamio yenye wanalala ndani yake waliitengeneza wenyewe hapa Ruashi, mu karakana moja ya nyuma ya soko. Walisimamisha malata kandokando, wakaweka mbao mbili kwa mbili sawa vitanda vya internat, na juu wakafunga bashi. Ni kazi nzuri, ninawasifu. Lakini wako watu nane ndani. Wenye wanasaidia wakimbizi wanahesabu angalau litre 15 za maji kwa mutu kwa siku. Kwa watu nane ni litre 120, ni kusema bido sita za litre 20. Wao walikuwa na bido mbili. Choo ni pori. Dawa ni kile kila mutu alibeba mu mufuko wake. Na redio ya kuita musaada hawakuwa nayo.

Kontra ilikuwa namna gani? Hapa musikilize vizuri. Mwenye alikuwa anawaajiri si parki yenyewe, ni mutu mwenye alikamata kazi ya njia, jina lake sitalitaja. Kapita wake alikuwa na daftari. Kila mutu alikuwa anaandikwa siku kwa siku. Siku ya makumi mbili na moja ikifika, kapita anasema: "Wewe, pumzika kidogo." Kesho yake kijana anaendelea na kazi ileile, jembe lileile, lakini ndani ya daftari anaandikwa kwa jina lingine. Mutoto wa yaya yangu aliandikwa kwa jina la mudogo wake, mwenye alikuwa hapa Ruashi, darasani.

Juu ya nini siku makumi mbili na moja? Juu sheria ya kazi ya inchi yetu, sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inasema hivi: mutu mwenye anatumikishwa siku kwa siku, akimaliza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, na wakimuita tena kabla ya miezi hiyo miwili kwisha, basi anahesabiwa kuwa mutumishi wa kudumu. Kwa hiyo bwana wa kazi anakimbia siku ya 22 sawa mutu mwenye anakimbia deni.

Mwezi wa nane, kamio moja ilikwama ndani ya muto mudogo. Walikuwa wanaivuta kwa kamba ya chuma. Kamba ikakatika, ikamupiga kijana wetu ku mukono. Mufupa ukavunjika. Walimufunga na vijiti na kitambaa, akalala siku mbili ndani ya kamio mbele ya motoka yenye inashuka mujini kupatikana. Tulilipa hospitali sisi wenyewe, familia, pamoja na muchango wa kanisa.

Nilienda kuuliza malipo. Nilipokelewa vizuri, nilipewa kiti. Wakafungua daftari. Wakasema: "Papa, siku ile mwenye alikuwa kazini ni huyu." Wakanionyesha jina la mudogo wake. Kwa kitabu, mwenye mukono wake ulivunjika alikuwa mutoto wa shule mwenye mukono wake ni muzima. Mutoto wa yaya yangu, kwa kitabu, alikuwa amepumzika.

Nilitoka pale bila neno. Ningesema nini? Sisi wenyewe tulikubali jina lile liandikwe, juu tulitaka franga zisikatike. Ile siku nilielewa kama shida ya kazi ya kiangazi si baridi, si bashi, si kulala mu motoka. Shida ni kufanya kazi bila jina.

Wakubwa wetu walijua jambo hili zamani. Muji huu wa Lubumbashi ulianza na watu wa kontra fupi. Union Minière ilikuwa inakokota wanaume kutoka mbali, miezi michache, wanalala ndani ya vibanda vibaya, wanagonjwa, wanakufa, wanakimbia, kiisha inatafuta wengine. Karibu mwaka 1928, kampani ikageuza namna: kontra ya miaka mitatu, nyumba, bibi na watoto ndani ya kambi, posho, hospitali. Haikufanya vile kwa huruma. Iliona kama mutumishi mwenye analala vibaya na mwenye hajulikani anakula franga mingi kuliko mutumishi mwenye anatunzwa. Kiisha, mu miaka ya 1950, hata nyumba za Ruashi yetu zilijengwa na ofisi ya serikali ya wakati ule, Office des Cités Africaines, kwa wazo lilelile: mutumishi lazima awe na fasi. Mukoloni alikuwa na makosa mengi, hakuna mwenye anaweza kuyahesabu yote. Lakini hesabu ile aliifanya. Je, sisi tutashindwa kuifanya karibu miaka mia moja kiisha?

Na kuko hadisi ingine. Kati ya 1946 na 1949, misyo ya mutaalamu mumoja Mubelji, Gaston-François de Witte, ilizunguka Upemba kutoka kambi moja mpaka ingine ili kukusanya nyoka, vyura, samaki, ndege na wadudu. Vitabu vingi vilitoka kwa kazi ile, na watu wa sayansi wanavisoma mpaka leo. Ku mulango wa vitabu hivyo kuko majina matano, yote ni ya Wazungu. Mutu mwenye anajua pori anajua kama watu watano hawawezi kubeba, kupika, kukamata nyoka na kufungua njia ndani ya parki kubwa vile. Wenye walifanya kazi ile walilala palepale, majira kwa majira. Majina yao hayako ku mulango wa kitabu. Tusiseme basi kwamba jambo hili lilianza na kapita mumoja.

Najua kuko wenye watanipinga. Wa kwanza watasema: "Kazi ya miezi mitano, unatafuta kontra ya nini?" Ninajibu: sheria yenyewe inajua kazi ya majira. Inakubali kontra ya muda wenye unajulikana, na inasema wazi kama kwa kazi ya majira kontra ya namna hiyo inaweza kurudiliwa kila mwaka bila mutumishi kugeuka wa kudumu. Ni kusema, bwana wa kazi hana sababu ya kuogopa siku ya 22. Aandike tu: kutoka mwezi wa tano mpaka mwezi wa kumi, jina hili, mushahara huu. Kiisha ampeleke jina lile ku CNSS. Daftari ya majina ya uongo inamuletea hatari kubwa kuliko kontra ya ukweli.

Wa pili watasema: "Kazi za parki ni za watu wa vijiji vya karibu, si za vijana wa Ruashi." Hapo wako na haki kubwa. Watu wa vijiji vya pembeni ndio wenye walikatazwa kuwinda na kulima ndani, basi ndio wa kwanza wenye wanapaswa kula faida. Kazi ya kukata majani na kuunguza mapema, wanaijua kutupita sisi. Lakini mekanisie, shofere, mwenye kuunganisha chuma, hao wanatoka mara nyingi mujini. Basi wapandishe watu wa kuja wenye ufundi tu, na kila mumoja wao apewe kijana wa kijiji wa kufundisha. Kiisha miaka mitatu, kijiji kitakuwa na mekanisie wake.

Wa tatu watanisuta sisi wenyewe, na wako na ukweli. Kamio inapanda na unga na mafuta; mwezi wa kumi inashuka na nini? Kila mutu wa Lubumbashi anajua namna gani mifuko ya makala inapangwa juu ya kamio yenye inarudi mutupu. Na chini ya mifuko, wakati mwingine, kuko nyama ya pori ya kukausha. Mutu mwenye analipwa ili kulinda pori kiisha analiuza njiani, huyo amekata tawi lenye amekalia. Nilimuuliza mutoto wa yaya yangu: "Na ninyi?" Alinyamaza kidogo. Kiisha akasema: "Mujomba, mwaka wa kwanza, ndiyo. Kapita hakutulipa mwezi wa mwisho. Tungerudi na nini ku nyumba?" Simutetei. Lakini sikiliza vizuri jibu lake: mushahara wenye haulipwi unageuka makala.

Kwa hiyo ninaomba mambo mane, na hakuna hata moja lenye linaomba franga za ajabu.

La kwanza: kila mwenye anakamata kazi ndani ya parki zetu, kama ni ya njia, ya ujenzi ao ya wageni, aonyeshe kontra za majira za watu wake mbele ya kamio kupita kizuizi. ICCN ndiyo serikali ndani ya parki. Tangu 2017, ku Upemba, inasaidiana na Forgotten Parks. Wako na mulango, na mwenye iko na mulango anaweza kuuliza kartasi. Tunaulizwa kartasi kwa kila kizuizi kutoka hapa mpaka Kasumbalesa; kwa nini ile moja yenye inamusaidia mutumishi haiulizwe?

La pili: kama watu watalala ndani ya magurudumu, basi magurudumu yawe nyumba ya kweli. Kitanda kwa kila mutu. Maji ya kutosha, bido sita kwa watu nane, si mbili. Choo cha kuchimba kila kambi, mbali na muto. Kisanduku cha dawa. Na redio ao telefone ya satelite moja kwa kila kundi, juu mutu mwenye mufupa wake umevunjika hawezi kungojea siku mbili. Sheria inasema kama mutu mwenye anaitwa kazi mbali na kwake apewe nyumba yenye inafaa ao franga pahali pa nyumba. Haisemi nyumba hiyo iwe ya matofali. Basi iwe ya malata na magurudumu, lakini ifae.

La tatu linatuhusu sisi wa Ruashi. Tuko na watu wenye wanajua kuunganisha chuma, tuko na remoroki za zamani zenye zinaoza kando ya barabara. Karakana zetu zinaweza kutengeneza nyumba hizi, kuzikodisha kwa majira, na kuzirudisha wakati wa mvua kwa kutengenezwa. Ile ni kazi kwa pande mbili: kiangazi kule juu, masika hapa chini. Mutoto wa yaya yangu mwenye wanasema "hana kazi ya kudumu", angekuwa nayo miezi kumi na miwili.

La ine ni kwa wazazi na kwa vijana wenyewe. Musikubali jina la mutu mwingine. Najua ni vigumu; nimewaambia wazi kama sisi tulikubali. Lakini siku unakubali kuandikwa kwa jina la mudogo wako, umeuza mukono wako, muguu wako na maisha yako kwa bei ya siku moja. Andika mwenyewe siku zako ku kitabu kidogo. Kamata foto ya daftari kama unaweza. Na kama muko nane, museme nane pamoja, si mumoja mumoja.

Mukono wake ulipona, hata kama mwezi wa sita baridi ikiingia, unamuuma usiku. Mwaka huu amesema atapanda tena. Mama yake alilia kidogo, kiisha akamushonea bulangeti ya tatu. Mimi nilimuuliza jambo moja tu: "Safari hii, wamekuandika kwa jina la nani?"

Akatoa kartasi mufukoni. Ilikuwa kontra ya miezi mitano, kwa bwana mwingine wa kazi, ukurasa mumoja tu. Mushahara si mukubwa. Lakini juu yake kulikuwa jina lake lote, lile tulimupa siku ya ubatizo, bila kosa hata la erufi moja. Niliisoma mara mbili, kiisha nikamurudishia, nikamuambia: "Enda, mwanangu. Sasa hata ukilala mu motoka, unajulikana fasi unalala."